Gereji binafsi wakati gari bado lina waranti: inachofanya vizuri na inapokwama

Kwa sevisi za kawaida, gereji binafsi inafaa hata kama gari bado lina waranti. Oili, filta, plagi, brekipadi, maji ya breki: fundi makini anazifanya kwa kiwango kilekile cha wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, tena mwenye gari anaongea na mtu aliyelala chini ya gari lake, si karani wa mapokezi. Inapopoteza alama ni kwenye karatasi na kwenye kompyuta. Na kwa hitilafu ambayo waranti ingeilipia, alama ni sifuri: hapo gari liende kwa wakala likiwa halijafunguliwa.

Kwanza lile tishio la kaunta: "Ukilipeleka nje, waranti imekufa." Katika nchi kadhaa sheria inasema kinyume. Marekani ina sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, inayomkataza mtengenezaji kufunga waranti yake kwenye sharti la kutumia spea au huduma ya jina fulani, isipokuwa azitoe bure au apate kibali maalumu cha tume ya biashara ya nchi hiyo. Umoja wa Ulaya uliingilia kati kupitia kanuni za ushindani za soko la magari, ile ya 1400/2002 na baadaye 461/2010, ambayo muda wake umesogezwa hadi 31 Mei 2028. Afrika Kusini ina miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Mwelekeo ni mmoja: mtengenezaji ana haki ya kudai sevisi ifanywe kwa wakati, kwa vipimo vyake na kwa spea zinazostahili; kudai ifanywe na nani ni jambo jingine.

Pasipo na sheria ya namna hiyo, kijitabu cha waranti ndicho mkataba wako, na kinasomwa neno kwa neno. "Tunapendekeza wakala wetu" ni ushauri. "Waranti itakoma iwapo" ni sharti. Ukikuta la pili na nchi yako haina sheria ya kulipinga, usibishane nalo. Subiri waranti iishe.

Hata pale sheria inapokulinda, ulinzi wenyewe unategemea uhusiano kati ya kazi iliyofanywa na kitu kilichoharibika. Oili isiyo sahihi inaweza kuua beringi za turbo, na hapo dai likikataliwa huna la kusema. Oili hiyohiyo haiwezi kuunguza mota ya kioo cha mlango. Wakala akikataa kulipia mota kwa sababu ulibadilisha oili kwingine, muulize oili ilifikaje mlangoni.

Kuna aina za waranti zisizofuata maelezo haya, na watu huzichanganya. Baadhi huamshwa na sevisi yenyewe: mpango wa Toyota Relax nchini Uingereza, kwa mfano, unaongeza miezi 12 au maili 10,000 kila gari linapofanyiwa sevisi kwa wakala wa kampuni hiyo, hadi miaka 10 au maili 100,000. Hiyo ni nyongeza ya hiari juu ya waranti ya msingi, na ukienda gereji binafsi huipati, basi. Nyingine ni ile "waranti ya ziada" inayouzwa na wakala au kampuni ya bima siku ya kununua gari. Ule ni mkataba tofauti wenye masharti yake, na mengine hutaka gari litengenezwe kwenye orodha yao ya gereji tu. Na kama ulishalipia mpango wa sevisi pamoja na bei ya gari, kwenda kwingine ni kulipa mara mbili.

Karatasi

Risiti nyingi za gereji huandikwa "sevisi kubwa" na jumla ya fedha, kwisha. Kwa waranti, karatasi hiyo ni sawa na kutokufanya sevisi kabisa. Risiti inayosimama mbele ya mkaguzi ina tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, jina na anwani ya gereji, namba za spea zilizofungwa, na maelezo kamili ya oili. Kwa mfano: "Oili ya injini lita 4.2, 5W-30, ACEA C3, VW 504 00/507 00. Filta ya oili namba fulani. Washa mpya ya nati ya sampu. Taa ya sevisi imezimwa." (ACEA na VW ni viwango ambavyo oili inavitimiza; sampu ni bakuli la oili chini ya injini, na washa ni pete inayoziba nati yake.) Mstari mmoja, dakika mbili za kuandika. Fundi anayekataa kuandika hivyo hajui alichomimina, au anajua na hataki ijulikane.

Mkazo huu juu ya oili si urasimu. Watu wengi wanadhani 5W-30 ndiyo aina ya oili. Namba hiyo inaeleza unene tu: inavyotiririka ikiwa baridi na ikiwa moto. Madebe mawili ya 5W-30 yanaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa ndani. Injini za dizeli zenye filta ya masizi, ile DPF, zinataka oili yenye majivu machache. Masizi yanaunguzwa gari likienda kasi barabarani. Majivu yanayotokana na viungo vya oili hayaungui, yanabaki ndani ya filta na kuijaza kidogokidogo. Ukiweka 5W-30 isiyofaa leo, injini haitalalamika. Filta itaziba mapema, na ukipeleka dai la kifaa ghali kama hicho, swali la kwanza litakuwa oili gani iliwekwa.

Hali ni kali zaidi kwenye injini ambazo mkanda wa taimingi (unaoendesha vali za injini kwa wakati wake) unazunguka ndani ya oili, kama matoleo ya mwanzo ya Ford EcoBoost ya lita 1.0 na PureTech ya lita 1.2 ya Peugeot na Citroën. Oili isiyo na kibali cha mtengenezaji huushambulia mpira wa mkanda. Vipande vinavyomeguka vinashuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, shinikizo linaanguka, na kilichoanza kama kosa la debe moja kinaishia kwenye injini nzima. Kwa injini hizi tunashauri mwenye gari anunue oili mwenyewe kwenye duka linalotoa risiti, apige picha ya lebo ya nyuma yenye vibali na namba ya uzalishaji, kisha ampelekee fundi. Baadhi ya gereji hazipendi, kwa kuwa faida ya oili inawakwepa. Walipe ufundi wao vizuri na mtaelewana.

Kuhusu muda, kila ratiba ya sevisi ina kilomita na miezi, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Anayeendesha kidogo ndiye anayenaswa: kilomita 6,000 kwa mwaka, anaona bado yuko mbali na 15,000, kumbe miezi 12 imeshapita. Vijitabu vingi pia vina jedwali la pili kwa mazingira magumu (vumbi, safari fupi fupi, foleni, kuvuta tela) ambalo hupunguza muda huo, mara nyingi hadi nusu. Fundi binafsi mzuri atakuuliza gari linaishi maisha gani kabla ya kuandika tarehe ya sevisi ijayo. Akibandika tu "5,000 km" kwenye kioo kama anavyofanya kwa kila gari, hajafungua kijitabu chako.

Chini ya gari

Ukitaka kujua gereji inafanya kazi kwa kiwango gani, tazama jinsi inavyobadilisha filta ya oili, kazi ambayo kila mtu anadai anaijua. Filta ya kufungua kwa kuzungusha ina raba ya duara mdomoni. Mara nyingine filta kuukuu inatoka lakini raba yake inabaki imeng'ang'ania kwenye injini, nyeusi juu ya chuma cheusi, haionekani kwa haraka. Fundi akifunga filta mpya juu yake, raba zinakuwa mbili. Injini inawaka, haivuji, gari linaondoka. Kisha, barabarani, shinikizo la oili baridi linaisukuma raba moja nje na oili yote inamwagika kwa dakika chache. Taa nyekundu inapowaka, beringi zinakuwa zimeshaanza kusagika. Hakuna waranti ya mtengenezaji itakayolipia hilo. Kwa hiyo fundi anayejua kazi anageuza filta kuukuu kuangalia kama imetoka na raba yake, anapangusa uso wa injini kwa kitambaa, anapaka oili kidogo kwenye raba mpya, anakaza kwa mkono hadi raba iguse, kisha anaongeza robo tatu ya mzunguko. Hapigi nyundo, hatumii mnyororo wa kukazia.

Filta za karatasi zinazokaa ndani ya kopo la plastiki zina maradhi yake. Kopo hukazwa kwa torki (nguvu ya kukaza) ndogo, kwa magari mengi karibu Nm 25, na raba yake nyembamba ina mfereji maalumu. Ikiwekwa mfereji usio wake, inavuja. Ikikazwa kwa nguvu za bega, kopo linapasuka sevisi inayofuata.

Filta za bei ya chini zinafanana na nzuri kwa nje. Tofauti moja unayoweza kuisikia ni vali ya kuzuia oili isirudi chini gari likizimwa. Ikiwa ni ya raba duni au haifungi sawasawa, asubuhi injini inagongagonga kwa sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Si lazima ununue filta yenye nembo ya gari lako. Watengenezaji kama Mann, Mahle na Denso wanauza zao zenye ubora unaokubalika. Namba ya spea ilingane na injini, na iandikwe kwenye risiti.

Nati ya sampu inataka washa mpya kila mara, kwa kuwa washa ya kupondeka inajaza pengo mara moja tu. Sampu za alumini hupoteza nyuzi zake kwa fundi anayekaza "mpaka igome". Mwombe atumie spana ya torki. Kiasi cha oili nacho kina kipimo: kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti kwa magari mengi ni kama lita moja tu, na kuzidisha ni kubaya kama kupunguza, kwani krankishafti, shafti kuu inayozunguka ndani ya injini, ikiipiga oili inatoa povu, na povu halilainishi kitu.

Kwenye giaboksi za CVT, zile za otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia, hatuna huruma. Mkanda wa chuma na puli zake hushikana kwa msuguano unaotegemea oili yake maalumu: NS-3 kwa Nissan nyingi, HCF-2 kwa Honda, FE kwa Toyota. Fundi akisema "ATF nyekundu inaingia zote", yaani oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, chukua funguo zako. Mkanda utateleza, utachora puli, na oili iliyotolewa kwenye giaboksi hiyo itamweleza wakala kila kitu.

Kulanti (maji ya kupoza injini): rangi si kigezo, watengenezaji hawakubaliani juu yake. Kuchanganya aina mbili hudhoofisha kinga ya kutu, na baadhi ya michanganyiko hutoa ute unaoziba rejeta. Maji ya breki hubadilishwa kwa magari mengi kila miaka 2 hata kama gari limelala, kwa sababu yanafyonza unyevu wa hewani: DOT 4, aina mojawapo ya maji hayo, ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ikishafyonza maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 3 wala 4, ingawa jina linafanana.

Kompyuta

Hapa gereji nyingi ndogo zinabaki nyuma, na pengo linaongezeka. Gari lenye breki ya mkono ya umeme kwa kawaida haliruhusu brekipadi za nyuma kubadilishwa mpaka mashine ya kusoma kompyuta ya gari irudishe mota nyuma. Anayesukuma pistoni kwa nguvu anavunja mota. BMW nyingi zinataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo gari linaendelea kuichaji kama ile kuukuu. Kioo cha mbele kikibadilishwa kwenye gari lenye kamera ya kusaidia dereva, kamera inapimwa upya, mara nyingi kwa vibao maalumu kwenye sakafu iliyonyooka. Gereji isiyo na vifaa hivyo iseme tu haina. Tunaiheshimu zaidi inayosema.

Kiyoyozi cha gari la haibridi au la umeme kina mtego wake. Kompresa yake inaendeshwa na umeme wa volti nyingi, na mafuta yaliyo ndani lazima yasipitishe umeme. Mashine ya gesi iliyotumika kwenye magari ya kawaida ikibaki na mafuta ya PAG, yale ya kompresa za kawaida, kwenye mipira yake, yanaingia kwenye mfumo, kinga ya umeme inashuka, na gari linaweza kukataa kabisa kuwaka. Kwa kazi hiyo, uliza kama wana mashine iliyotengwa. Jibu likiwa "gesi ni gesi", nenda kwa wakala.

Kumbukumbu za sevisi pia zimehamia mtandaoni. Chapa nyingi, Mercedes-Benz ikiwemo, hazigongi tena muhuri kwenye kitabu. Sevisi inaingizwa kwenye hifadhi ya kampuni. Ulaya gereji binafsi zinaweza kujisajili na kuingiza kazi zao humo. Zisipofanya hivyo waranti haifi, lakini atakayenunua gari lako ataona miaka mitupu.

Taa ya injini ikiwaka

Fundi binafsi asome kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari), asizifute. Kodi inayowasha taa kwa kawaida huhifadhiwa pamoja na picha ya hali ya injini wakati ule: kasi, joto, mzigo, mafuta. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako. Akifuta ili "tuone kama itarudi", ushahidi umekwenda, na vipimo vya ndani vya kompyuta vinaanza upya, jambo ambalo wakala analiona mara moja na kuuliza nani alifuta na kwa nini. Mwombe akupe kodi kwa maandishi au picha ya skrini, kisha nenda kwa wakala ukiwa unajua unachokwenda kusikia. Kwa matumizi hayo fundi binafsi ana thamani kubwa: ni jicho la pili, lisilolipwa na mtengenezaji.

Kutengeneza hitilafu yenyewe nje ni kujinyima. Ukishalipia, mtengenezaji kwa kawaida harudishi fedha. Na sili zikishafunguliwa hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nini kiliharibika kwanza. Kuna vifaa vinavyosahaulika kuwa bado vina waranti baada ya ile kuu kuisha: Marekani, kanuni za moshi zinawalazimisha watengenezaji kulinda kichujio cha kikemikali cha moshi na kompyuta ya injini kwa miaka 8 au maili 80,000. Kwa magari ya umeme na haibridi, betri kuu nayo huwa na muda wake mrefu kuliko gari zima. Wito wa kurudisha magari kwa kasoro ya usalama ni kazi ya wakala bila malipo, hata kama sevisi zote zilifanywa nje. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari lako lina wito ambao haujafanyiwa kazi.

Siku ya kuchukua gari, usiondoke kabla ya mambo machache. Acha injini ikae dakika tano hadi kumi ikiwa imezimwa kwenye sakafu tambarare, uchomoe kijiti usome. Inama uangalie kama bamba la plastiki chini limerudi na klipu zake zote. Omba spea kuukuu kwenye mfuko, filta na washa ikiwemo. Nati za tairi, kama tairi zilitolewa, zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Piga picha risiti hapohapo, maana wino wa mashine za joto hufifia na waranti ni ya miaka.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi: kifaa gani, kimeharibikaje, na kazi ipi ya fundi wako imesababisha. "Sevisi zilifanywa nje" haijajibu lolote kati ya hayo matatu. Usiruhusu kifaa kilichoharibika kitupwe. Kama ugomvi ni wa oili, chukua sampuli kwenye chupa safi mbele ya shahidi kabla haijamwagwa. Maabara ya oili inaweza kusoma viungo vyake, kiwango cha metali na kama kuna maji au mafuta ya gari ndani. Peleka barua hiyo, risiti na majibu ya maabara kwa makao ya mtengenezaji, juu ya wakala, na baadaye kwa chombo cha kulinda watumiaji. Wakala hukataa kwa mdomo kwa wepesi zaidi kuliko anavyokataa kwa barua yenye saini yake.